Kurudia sayansi ukubwani kwa ajili ya mtihani wa udaktari: darasani, kujisomea, au kuanza na maswali?

Nilikuwa na miaka 37 nilipofungua kitabu cha kemia kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule. Ukurasa wa tatu ulikuwa na neno "moli". Nililitambua kama unavyotambua sura ya mtu mliyesoma naye zamani: unajua unamjua, ila jina halitoki. Nilihangaika nalo karibu saa nzima, nikafunga kitabu, nikalala nikiwa na hakika kwamba nimechelewa.

Tangu usiku ule nimepita njia mbili kati ya tatu ninazozilinganisha hapa za kurudia sayansi kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Ya tatu nimeiona kwa karibu kupitia wenzangu wa kundi la kusoma, wote watu wazima wenye kazi na familia. Ushauri mwingi wa kuchagua njia huandikwa kwa ajili ya kijana aliyetoka darasani juzi, ambaye anachotaka kujua ni njia ipi itamfikisha haraka. Mtu mzima ana swali linalotangulia hilo: haya mambo nimeyasahau, au sikuwahi kuyaelewa? Wengi wetu tunadhani tumesahau kila kitu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila kuna mada, kwa kila mtu huwa tofauti, ambazo shuleni tulizipita kwa kukariri tu. Hizo hazirudi hata ukizisoma mara kumi, na ndizo zinazowakatisha watu tamaa wakadhani tatizo ni umri.

Mtihani wenyewe kwanza

Kabla ya kufikiria njia, jua mtihani wako unapima nini. Kuna watu wazima wanapoteza miezi wakisoma kisichoulizwa.

UCAT, unaotumiwa na vyuo vingi vya Uingereza, Australia na New Zealand, hauna hata swali moja la sayansi. Unapima kusoma na kuelewa, kufanya uamuzi, hesabu, na busara katika mazingira ya kazi. Kama lengo lako ni huo peke yake, makala hii itakufaa tu pale chuo kinapodai alama za sayansi kwa njia nyingine. BMAT, uliokuwa na sehemu ya sayansi, ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023. Anayekushauri leo ununue vitabu vyake amepitwa na wakati.

MCAT wa Marekani na Kanada ni mlima mwingine kabisa: maswali 230 katika sehemu nne, na siku inayochukua takriban saa saba na nusu ukihesabu mapumziko. Sehemu mbili kati ya hizo nne ni sayansi za msingi, moja ikiegemea kemia na fizikia, nyingine biolojia na biokemia. Kikokotoo hakiruhusiwi. GAMSAT, unaofanywa na wenye shahada tayari wanaotaka kusomea udaktari Australia, Ireland au Uingereza, una sehemu ya sayansi yenye maswali 75: asilimia 40 biolojia, asilimia 40 kemia, asilimia 20 fizikia. Biolojia na kemia ni za kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na fizikia ni ya mwisho wa sekondari. NEET wa India una maswali 180, nusu yake biolojia, na nusu nyingine fizikia na kemia, 45 kwa 45. Ukipatia unapewa alama nne, ukikosea unakatwa moja. Kikomo cha juu cha umri katika mtihani huo kiliondolewa mwaka 2022, na huko ndiko watu wengi waliokuwa wamefungiwa mlango walikopata nafasi ya kujaribu tena.

Weka mitihani hiyo mitatu ya sayansi kando kwa kando na tofauti itajitokeza. NEET unataka ujue kitu palepale na ujibu kwa kasi. GAMSAT unakupa kifungu na grafu ya jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia, kisha unaangalia unavyofikiri. MCAT unafanya yote mawili. Mtu wa NEET akitumia mbinu za mtu wa GAMSAT atakosa wingi wa mambo anayopaswa kuyajua kwa moyo. Wa GAMSAT akijaza kichwa orodha za vimeng'enya atakuwa anatwanga maji kwenye kinu.

Umesahau, au hukuelewa?

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia mwenyewe majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885, alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akazikariri upya. Hata alipokuwa hakumbuki orodha, kuikariri mara ya pili kulimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu kilichowahi kuingia kichwani huacha njia hata kikionekana kimefutika, na kwa mtu wa miaka arobaini anayerudi kwenye jedwali la elementi hiyo ni habari njema.

Lakini njia haiachwi na kitu ambacho hakikuwahi kupita. Kwa hiyo kabla hujalipia kozi wala kununua kitabu, chukua karatasi tupu na nusu saa, ujibu maswali sita hivi bila kuchungulia popote. Mmumunyo wenye moli 0.001 za ioni za haidrojeni kwa lita una pH ngapi? Kwa nini chumvi inayeyuka kwenye maji na mafuta hayayeyuki? Mshipa wa damu ukipungua kipenyo kwa nusu, mtiririko unakuwaje? Wazazi wawili wabebaji wa selimundu, kila mtoto ana uwezekano gani wa kuugua? Glukosi inaingiaje ndani ya seli? Vikinza viwili vikiunganishwa sambamba, ukinzani wa jumla unaongezeka au unapungua?

Usijali ukiacha nusu yake wazi. Jioni mbili zinazofuata soma sura zinazohusika, kisha siku ya tatu chukua karatasi nyingine tupu na ujibu upya, safari hii ukiandika sababu ya kila jibu. Yale yaliyorudi mara moja ulikuwa umeyasahau. Yale ambayo umesoma maelezo, ukatikisa kichwa kukubali, na bado huwezi kumweleza mtu kwa nini iko hivyo, hukuwahi kuyaelewa.

Kwangu asidi na besi zilirudi jioni ya kwanza. Jenetiki ilirudi karibu yote. Umeme haukurudi hata chembe, na nililazimika kukubali kwamba mtihani wa shule nilioupita miaka ile niliupita kwa kanuni ya Ohm niliyoikariri kama shairi.

Darasani

Njia ya kwanza ni kurudi darasani rasmi: kozi za jioni, mwaka wa maandalizi, au masomo ya shahada ya kwanza unayoyachukua moja moja ukiwa na shahada nyingine tayari. Ndiyo njia ya polepole kuliko zote na mara nyingi ya gharama kubwa. Pia ndiyo niliyoidharau zaidi, na nilikosea.

Darasa la jioni nililoingia kwa ajili ya fizikia lilikuwa na mwalimu asiye na haraka. Siku ya saketi alichora betri na taa mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, akaniuliza: mkondo unaopita kwenye taa ya pili ni mdogo kuliko wa taa ya kwanza? Nikajibu ndiyo. Akaniambia nieleze kwa nini. Nilipofika sentensi ya tatu nilijisikia mwenyewe nikisema kwamba umeme "unatumika njiani", kama mafuta ya gari. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa ninaamini hivyo bila kujua kwamba ninaamini. Mkondo ni uleule kwenye taa zote mbili. Kinachogawanywa ni volti. Kitabu kingeniambia hivyo, na kwa kweli vitabu viwili vilikuwa vimeshaniambia. Lakini kitabu hakijui ninachokiamini, kwa hiyo hakiwezi kunisimamisha pale ninapokosea.

Hapo ndipo darasa linapoishinda njia nyingine yoyote. Lina faida nyingine pia ambazo hazihusu uelewa. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani hudai masomo ya biolojia, kemia, kemia ogania na fizikia pamoja na maabara zake, na vingine havitaki masomo ya zamani sana. Kama shahada yako ni ya historia au ya biashara, huwezi kuruka hatua hiyo hata kama ungepata alama za juu kwenye MCAT. Barua za walimu wa sayansi nazo hutakiwa na vyuo vingi, na mtu aliyemaliza shule miaka kumi na tano iliyopita hana mwalimu anayemkumbuka. Zaidi ya hayo, alama nzuri za mwaka huu zinaijibu kamati ya udahili inayotazama matokeo yako mabaya ya ujanani kwa namna ambayo hakuna insha inayoweza.

Ubaya wake ni ratiba. Darasa halijui kwamba mtoto wako ana homa au kwamba mwisho wa mwezi ofisini huwezi kupumua. Muhula mzima wa kemia utapitia mambo mengi ambayo mtihani hauyagusi, na utakaa kwenye sura ulizozimaliza tayari kichwani ukisubiri wenzako. Mtu aliyesahau tu, na ambaye chuo hakimdai alama mpya, anajiadhibu bure.

Kujisomea

Hii ndiyo inayowavutia watu wazima wengi, kwa sababu inaendana na maisha yetu: saa moja alfajiri kabla nyumba haijaamka, nusu saa kwenye usafiri, Jumamosi mchana. Mimi ndiyo niliyoitumia kwa biolojia na sehemu kubwa ya kemia, na kwa hayo mawili ilinitosha.

Mtego wake ni kwamba kusoma kunafanana sana na kujua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila anayejisomea angelikumbuka. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha kundi moja likakisoma tena, jingine likaandika linachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Anayejisomea anapima maendeleo yake kwa hisia za zile dakika tano, na mtihani unakuja baada ya miezi. Kwa hiyo ukichagua njia hii, funga kitabu mapema kuliko unavyotamani. Soma kurasa nne, funga, andika. Inachosha na inatia aibu, kwa sababu karatasi inabaki nyeupe mahali ulipodhani umeelewa. Endelea hivyohivyo.

Jambo la pili ni kitabu chenyewe. Watu wazima tuna tabia ya kutoa vitabu vyetu vya zamani kwenye sanduku, na sayansi haikukaa kutusubiri. Kabla mradi wa kusoma jenomu ya binadamu haujakamilika mwaka 2003, vitabu vingi vilisema tuna jeni laki moja hivi. Leo tunajua zinazotengeneza protini ni karibu 20,000. Kitabu cha zamani kitakuambia molekuli moja ya glukosi inatoa ATP (molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli) 36 au 38, vya sasa vinasema 30 hadi 32. Viumbe vilivyopangwa katika falme tano sasa hufundishwa kwanza katika makundi makuu matatu: bakteria, akea na yukariota, mpangilio uliopendekezwa na Carl Woese na wenzake mwaka 1990. Hata moli iliyonihangaisha usiku ule, kizio cha kuhesabia chembe, imepewa fasili mpya: tangu 2019 ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, haitegemei tena gramu 12 za kaboni. Hesabu za mtihani hazibadiliki kwa hilo, ila jeni laki moja na ATP 38 ni vitu vinavyoweza kukukosesha alama. Nunua toleo la karibuni, hata la mkono wa pili.

La tatu ni mpangilio, na hapa nina msimamo. Wengi huanza na biolojia kwa sababu ndiyo inayofanana na udaktari. Mimi nashauri uanze na hesabu za mkono, kisha kemia, kisha fizikia, ndipo biolojia na biokemia. Hesabu za mkono ni vipeo, logi na kukadiria, wiki mbili tu, lakini bila kikokotoo ndizo zinazokupa muda. Ukijua kwamba logi ya 2 ni karibu 0.3 na ya 3 ni karibu 0.48, basi ioni za haidrojeni 3 × 10⁻⁴ ni pH 3.5, umemaliza, nenda swali linalofuata.

Sababu ya kuitanguliza kemia naweza kuionyesha kwa damu. pH yake hukaa karibu 7.4. Bafa yake kuu, yaani mchanganyiko unaoizuia pH isiyumbe, ni bikaboneti pamoja na kaboni dioksaidi iliyoyeyuka, na pKa ya jozi hiyo (pH ambayo pande zake mbili zinalingana) katika damu ni 6.1. pH ni pKa jumlisha logi ya uwiano wa bikaboneti kwa kaboni dioksaidi. Bikaboneti iko kama milimoli 24 kwa lita, kaboni dioksaidi kama 1.2. Gawanya: 20. Logi ya 20 ni 1.3, maana ni logi ya 2 jumlisha logi ya 10. Sita nukta moja na moja nukta tatu: 7.4. Nilipoifanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa penseli, saa kumi na moja alfajiri, nilisimama kutoka mezani. Kwa sababu sasa nilijua bila kukariri kwamba mtu anayeshindwa kupumua vizuri, kaboni dioksaidi inampanda, uwiano unashuka chini ya 20, damu inaelekea kwenye asidi. Anayehema kwa kasi kwa hofu anakwenda upande wa pili. Na kwa yule wa kwanza, figo zikibakiza bikaboneti zaidi zinarudisha uwiano polepole. Sura tatu za biolojia zilikuwa zimekaa ndani ya mstari mmoja wa kemia. Aliyeanza na biolojia angezikariri sura hizo tatu kama vitu vitatu.

Fizikia nayo ina lango kama hilo. Poiseuille, daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, alionyesha kwamba mtiririko katika mrija mwembamba unategemea nusukipenyo kwa kipeo cha nne. Ukipunguza upana kwa nusu, na shinikizo likabaki lilelile, mtiririko unakuwa sehemu moja ya kumi na sita. Ukishakiona kipeo hicho cha nne unaelewa kwa nini mshipa hauhitaji kuziba kabisa ili moyo uteseke.

Kuanza na maswali

Njia ya tatu inaonekana kinyume: unafungua maswali ya mtihani siku ya kwanza, unakosea mengi, na kila kosa linakupeleka kwenye ukurasa wa kitabu unaouhitaji, huo tu. Wenzangu wawili walipita hapa tangu mwanzo. Mmoja ilimfaa sana. Mwingine ilimvunja moyo ndani ya wiki tano.

Yule iliyomfaa alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Fiziolojia ilikuwa mikononi mwake kila zamu, na alihitaji tu kujua mtihani unauliza kwa lugha gani. Aliweka daftari la makosa lenye safu tatu: nilijibu nini, kwa nini nilidhani ni sahihi, na nini kingenionyesha mapema kwamba si sahihi. Safu ya pili ndiyo yenye dhahabu. Kuandika tu jibu sahihi hakukufundishi kitu kuhusu wewe. Baada ya mwezi alipitia daftari na kukuta kwamba karibu nusu ya makosa yake hayakuwa ya sayansi: alikuwa anasoma grafu bila kuangalia vipimo vya mhimili.

Aliyevunjika moyo alikuwa amefanya kazi za sheria maisha yake yote na hakuwa na kemia ya kurudia. Kila swali lilimpeleka kwenye ukurasa, ukurasa ukampeleka kwenye sura ya nyuma yake, ile nayo ikampeleka nyuma zaidi. Jioni nzima swali moja. Maelezo ya jibu yaliandikwa kwa mtu anayejua tayari, naye akaanza kuyakariri maelezo hayo, ambayo ni hatari nyingine ya njia hii: unapatia maswali yaleyale kwa sababu umeyaona, na unajidanganya.

Maswali yana kikomo pia. Mitihani ya majaribio inayotolewa na watunzi wenyewe, AAMC kwa MCAT na ACER kwa GAMSAT, ni michache, na hakuna ya kampuni nyingine inayofanana nayo kikamilifu. Ukiitumia mwezi wa kwanza kujifunzia kemia, mwezi wa mwisho hutakuwa na kipimo cha kweli. Anza na maswali ya kawaida, yale ya watunzi yaache yaive.

Kuhusu kozi za maandalizi zinazolipiwa, sitakaa nazo sana. Nyingi zinakuuzia ratiba, mbinu na mtu wa kukusukuma. Kama unajua kwamba bila tarehe ya mtu mwingine hutasoma, hilo lina thamani. Kufundisha mada usiyoielewa tangu mwanzo haziwezi, kwa sababu zinapita kasi.

Kadi au daftari?

Chini ya kila njia kuna uchaguzi mdogo unaorudi kila siku: utahifadhije ulichojifunza. Kadi za maswali na majibu zinazorudiwa kwa vipindi vinavyorefuka, mbinu aliyoieneza Sebastian Leitner mwaka 1972 kwa sanduku lenye vyumba, zinafaa sana kwa vitu visivyo na sababu ya ndani: majina ya amino asidi, homoni na tezi zake, vipimo, vizio. Programu za simu hufanya kazi ileile na zinafaa dakika kumi za foleni. Kwa vitu vyenye sababu, kadi zinakata mnyororo vipande vipande. Bafa ya damu haikai kwenye kadi. Hiyo ichore kwenye daftari, uifunge, uichore tena baada ya siku tatu.

Watu wa NEET watahitaji kadi nyingi, wa GAMSAT chache. Usitengeneze zaidi ya unazoweza kuzirudia siku ambayo kila kitu kimeharibika. Mtu mwenye kazi na watoto akiacha kadi siku nne anakuta mlundikano unaomfukuza kabisa. Mimi nilibaki na kadi mpya kumi kwa siku, sikuzidisha.

Nani achague nini

Kama wewe ni muuguzi, mfamasia, mtu wa maabara au wa mazoezi ya viungo, anza na maswali, weka daftari la makosa, na utafute mwalimu kwa mada mbili tatu zinazokataa. Mara nyingi zitakuwa fizikia. Usijiandikishe mwaka mzima wa darasa isipokuwa chuo kinakudai.

Mhandisi au mtu wa takwimu ana hali ya kinyume. Hesabu na fizikia zinamrudia kwa wiki chache, kemia inamfuata vizuri, na biolojia inamshangaza kwa wingi wa majina. Huyo ajisomee. Hatari yake ni kuidharau biolojia kwa kuwa haina fomula, halafu kukuta imebeba sehemu kubwa ya alama. Aanze kadi mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliyetoka kwenye sheria, biashara, lugha au sanaa, na ambaye karatasi yake ya pili ilibaki na maswali manne au zaidi bila sababu, aende darasani kwa kemia na fizikia. Ninasema hivi nikijua gharama yake na muda wake. Wengi wa kundi letu walioacha safari walikuwa hawa, na hawakuacha kwa sababu hawana akili. Walijisomea peke yao kitu kilichohitaji mtu wa kuwauliza "kwa nini?" mbele yao. Biolojia wanaweza kujisomea sambamba, na watakuta wana nguvu ambayo wengine hawana: kusoma kifungu kirefu bila kuchoka, jambo ambalo MCAT na GAMSAT vyote vinalidai.

Na wapo wengi walio kama mimi, mchanganyiko. Hapo usichague njia moja kwa masomo yote. Chagua kwa kila somo, ukitumia zile karatasi mbili.

Kuhusu muda, pima kwa saa unazozipata kweli, siyo unazozitamani. Mtu anayepata saa kumi na mbili kwa wiki ana saa takriban mia tatu katika miezi sita, akitoa wiki mbili tatu za ugonjwa na misiba. Andika tarehe ya mtihani baada ya kujua namba hiyo. MCAT una kikomo cha mara tatu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili mfululizo na mara saba maisha yote, kwa hiyo kuufanya "kujaribu tu" ni kutumia kitu usichokuwa nacho kwa wingi.

Wiki ya sita tangu uanze, rudia zoezi la karatasi tupu kwa maswali mapya sita ya mada ulizokwisha kupita. Ukiweza kuandika sababu za matano, baki kwenye njia uliyopo. Yakiwa matatu au pungufu, badilisha njia kwa somo hilo wiki hiyohiyo, kabla ya kuongeza saa. Mimi nilichelewa kufanya hivyo kwa umeme kwa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu ndiyo pekee ninayoijutia katika safari nzima.